Kilomita 32, watu sita: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Mwanza iliyojiandaa kwa matembezi ya hisani

Kuhusu kisa hiki

Familia inayosimuliwa hapa inaishi Mwanza, upande wa Barabara ya Nyerere. Nimeondoa majina, mtaa, tarehe, njia yenyewe ya matembezi na kikundi kilichoyaandaa. Majira ya mwaka nimeyaacha kwa sababu yana uzito katika kisa. Wanafamilia nawaita kwa nafasi zao nyumbani: Baba, Mama, Shangazi, Kaka, Dada na Mdogo. Wamesoma maandishi haya na wameridhia yatolewe.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilifuatwa kwa ushauri wiki tatu baada ya mazoezi kuanza, mambo yalipokuwa yameanza kwenda mrama, nikawa nao hadi siku ya matembezi na wiki kadhaa baadaye.

Kisa chao nimekichagua kwa sababu ushauri mwingi wa mazoezi humlenga mtu mmoja: nunua raba, ongeza umbali kidogo kidogo, kunywa maji, lala mapema. Familia haiendi hivyo. Ndani ya nyumba moja kuna goti la miaka 47 na mapafu ya miaka 11, kuna mwenye kisukari na kuna mchezaji wa mpira. Na kuna mtu ambaye lazima aamke kabla ya wote ili hao wengine wapate uji. Hawa wanajiandaaje pamoja kwa umbali mmoja?

Usuli

Mtoto wa Shangazi alizaliwa na mgongo wazi, na muda mfupi baadaye kichwa chake kikaanza kukua kupita kiasi kwa kujaa maji. Alifanyiwa upasuaji wa kuziba mgongo, kisha akawekewa mrija mwembamba unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Anaendelea vizuri. Lakini wodini Shangazi aliishi na akina mama waliotoka Kagera, Geita, Simiyu na Mara, na aliona kilichokuwa kinawakwamisha: nauli ya kurudi kliniki na mahali pa kulala wakisubiri zamu. Wazazi wa watoto hawa walipoandaa matembezi ya kilomita 32 kuchangia mahitaji hayo, Shangazi alijiandikisha siku hiyo hiyo. Jioni alimwambia wifi yake, ambaye ni Mama wa kisa hiki: "Wifi, mimi naenda. Hata kama nitakwenda peke yangu."

Hakwenda peke yake. Baba ana miaka 53, ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka tisa, na anafanya kazi ya kukaa. Mama ana miaka 47, anauza dagaa kwa jumla, na goti lake la kulia humsumbua akishuka mteremko. Shangazi ana miaka 41. Kaka ana miaka 22, yuko chuoni na anacheza mpira wa miguu. Dada ana miaka 16. Mdogo ana miaka 11, na hakuna aliyemwalika. Alikuta jina lake halimo kwenye orodha ya jikoni akaliandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mwekundu.

Matembezi yalipangwa mwishoni mwa Septemba. Mazoezi yalianza katikati ya Juni, yaani majira ya kiangazi, masika yakiwa yameisha na vuli haijaingia. Hapo walichagua vizuri. Barabara kuu za Mwanza zina mitaro ya kina na kingo zinazokatika, na kutembea gizani wakati wa mvua ni kujitafutia balaa.

Mpango wa kwanza

Kaka ndiye aliyeuandika. Aliutoa kwenye intaneti, ukiwa umetungwa kwa vijana wenye afya njema, akaubana ili uishe mapema "tubaki na muda wa kupumzika". Jumapili ya kwanza kilomita 8, ya pili 13, ya tatu 18. Wote sita pamoja, mwendo mmoja, umbali mmoja.

Wakati huo huo Baba alifungua daftari la ahadi. Wafanyakazi wenzake waliahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayotembea yeye, na rafiki mmoja akaahidi kulipa mara mbili Baba akimaliza zote 32. Ahadi zikatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kila mtu akapigiwa makofi. Daftari hilo tutalirudia, kwa maana lilifanya kazi kubwa kuliko mpango wa Kaka.

Yaliyotokea

*Jumapili ya Kisesa*

Jumapili ya tatu walitoka saa 11 alfajiri kuelekea Kisesa na kurudi. Juni Mwanza hakupambazuki mapema. Jua linakaribia saa moja ndipo lichomoze. Kwa hiyo zaidi ya saa nzima walitembea gizani, wamevaa nguo nyeusi, upande wa kushoto, magari yakiwajia mgongoni.

Wakati wa kurudi, soli ya raba ya Shangazi ilibanduka. Alikuwa amezinunua soko la Mlango Mmoja, mitumba safi kwa macho, lakini raba iliyokaa muda mrefu gundi yake hukauka hata kama haijavaliwa sana. Alitembea akiburuza mguu mpaka Igoma. Hapo fundi viatu wa kando ya barabara akaishona kwa uzi wa nailoni, akapitisha sindano pembeni pande zote, na kabla ya kumkabidhi akaikunja kwa mikono miwili kuona kama inarudi.

Wakati fundi anashona, Baba alianza kugomba. Kwanza alimgombeza bodaboda aliyepita karibu, kisha Dada, kosa lake kufungua chupa ya maji bila kuulizwa. Mama hakujibu. Alimtazama shingoni: kola ya fulana ilikuwa imelowa chapachapa, na asubuhi ile ilikuwa na baridi. Akamshika mkono, ukawa unatetemeka. Akamkalisha kwenye benchi la muuza vocha, akanunua soda ya kawaida yenye sukari, akamnywesha nusu chupa. Baada ya robo saa Baba alituliza sauti, akauliza kwa nini wote wamesimama. Mama akampa kiazi kitamu cha kuchemsha, na familia nzima ikarudi nyumbani kwa daladala.

Baba alikuwa amemeza dawa zake alfajiri bila kula, kwa kuwa "nitakula tukirudi". Mojawapo ya vidonge vyake ni kile kinacholazimisha kongosho kutoa insulini. Ukikimeza bila kula, kisha ukatembea kwa muda wa saa tatu, misuli inanyonya sukari huku dawa nayo inaishusha. Ugomvi usio na sababu, jasho la baridi na mikono kutetemeka ni dalili za sukari kushuka, ambazo kila mwenye ndugu wa kisukari anapaswa kuzijua kama anavyolijua jina lake. Mama alizijua. Nusu chupa ya soda ina kiasi cha gramu 15 hadi 20 za sukari, ndicho kiasi kinachohitajika mwanzoni, na kile kiazi kilichofuata kilizuia sukari kushuka tena. Alifanya sawasawa, hatua kwa hatua.

*Mpango wa pili*

Siku mbili baadaye walinifuata. Jambo la kwanza nililowaomba ni kwamba Baba asitembee zaidi ya nusu saa hadi aonane na daktari wake. Daktari alibadilisha muda na kiasi cha dawa kwa siku za mwendo mrefu, akampa agizo: kupima sukari kabla ya kuondoka na kila baada ya saa moja na nusu, na asianze akiwa chini ya kiwango alichomwandikia.

La pili lilikuwa miguu. Nilimfumba Baba macho nikamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki sehemu kumi. Mguu wa kulia alihisi zote. Wa kushoto hakuhisi chini ya kidole gumba wala chini ya kile kinachofuata. Mtu wa namna hii anaweza kutembea juu ya lengelenge kilomita kumi asijue. Tangu siku hiyo ukaguzi wa miguu ukawa kazi ya Mdogo. Kila baada ya matembezi alileta beseni la maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, akaosha, akakausha kwa taulo katikati ya kila kidole, kisha akamulika tochi ya simu chini ya unyayo na kutamka anachokiona: "Hapa pekundu. Hapa sawa. Hapa sawa." Kazi hiyo aliifanya kwa umakini ambao wauguzi wengi wangeupongeza.

La tatu ndilo lililoleta mabishano makali. Niliwashauri kila mtu awe na ukomo wake, uandikwe na kukubaliwa wiki nyingi kabla, na siku ya matembezi usijadiliwe kuongezwa. Baba alikataa. Alisema watu wamemwahidi kwa kilomita 32, na mtu mzima hawezi kusimama njiani kama gari bovu. Aliyeufungua mjadala ni Mama. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na marehemu babu wa familia hiyo, wakati huo kijana wa Magu, alisimama kando ya barabara kumwona akipita. Habari hiyo imesimuliwa nyumbani kwao mara nyingi mno. Mama akauliza: "Mwalimu alifika siku moja?" Hakufika siku moja. Alitembea kwa siku kadhaa, akipumzika, akipokewa na watu njiani. Baba akanyamaza, kisha akauliza ukomo wake ungekuwa ngapi.

Ukapangwa hivi. Shangazi na Kaka, kilomita zote 32. Dada, 24 za mwanzo, kwa sababu alikuwa na maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu. Baba, 20 za mwanzo. Mama aingie katikati na kutembea 16 za mwisho. Mdogo aingie zikiwa zimebaki 8. Jumla kilomita 132.

*Julai hadi Septemba*

Matembezi marefu yaliongezwa kilomita moja au mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne yalipunguzwa ili misuli na mifupa ipone. Siku za kati ya wiki walitembea dakika 40 tu. Mara moja kwa wiki walipanda kilima cha Capri Point, kwa faida ya kushuka zaidi kuliko kupanda: kushuka ndiko kunakoumiza mapaja na magoti na kung'oa kucha, na Mwanza ina vilima vya kutosha. Mama alifundishwa kushuka kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo. Mwezi wa kwanza wa mazoezi hayo alishuka akishika bega la Kaka.

Walianza kutembea upande wa kulia wa barabara, wakiyaona magari usoni, wakiwa na vizibao vya kung'aa kama vya bodaboda. Raba mpya zilinunuliwa jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, zikiacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Chakula cha njiani kilikuwa cha nyumbani: michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), karanga, ndizi mbivu na viazi. Maji waliyapanga kwa kiu na kwa rangi ya mkojo, na kila aliyetembea zaidi ya saa mbili alikuwa na chupa moja ya mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Baba chupa yake aliihesabu kama chakula, kwa maelekezo ya daktari. Niliwatahadharisha pia kuhusu kunywa maji matupu mengi kupita kiasi, maana chumvi ya damu ikishuka mtu huchanganyikiwa na kutapika, na wenzake humwongezea maji wakidhani ni kiu.

Kuna jambo dogo ambalo wasomaji wa kandokando ya ziwa watalielewa upesi. Baada ya kilomita nyingi juani watoto walitaka kushuka ufukweni watumbukize miguu. Maji yanavutia, lakini kichocho kipo Ziwa Victoria, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, sembuse ngozi iliyochubuka. Beseni lilibaki nyumbani, na miguu ilipozwa nyumbani.

*Wiki ya Mama*

Wiki ya sita Mama alikosa matembezi marefu. Ya saba akakosa tena. Kaka aliandika kwenye jedwali: "Mama, uvivu." Alikuwa anatania, lakini nilipouliza nyumbani pale siku yake inavyokwenda, utani ulikwisha.

Jumapili ya matembezi Mama aliamka saa 9 usiku. Alipika uji wa ulezi wa watu sita, akachemsha viazi, akajaza chupa, akapasua karanga. Wenzake wakiondoka saa 11, yeye alitakiwa awe amefunga mizigo ya dagaa. Waliporudi walikuta chai. Soksi na fulana za watu sita zilifuliwa na mikono yake. Mazoezi ya familia yalikuwa yameongeza saa nyingi kwa wiki kwenye kazi za mtu mmoja, ambaye naye alitegemewa atembee kilomita 16.

Walikaa kikao, na nasema kwa furaha kwamba kilikuwa kikao cha kweli. Kaka akachukua jiko la Jumamosi usiku: viazi vilichemshwa jioni, uji ukawekwa kwenye chupa ya chai. Kila mwenye soksi akafua zake. Baba akachukua zamu ya kufunga mizigo mara mbili kwa wiki, kazi ambayo nayo ni mazoezi. Na matembezi marefu ya Mama yakahamia Jumatano jioni, siku ambayo biashara yake huwa nyepesi, Dada akiandamana naye. Wiki ya kumi Mama alitembea kilomita 13 bila kushika bega la mtu.

*Daftari linaandikwa upya*

Shangazi ndiye aliyeona kwamba ukomo wa Baba na daftari la Baba vinagombana. Ahadi ya kila kilomita ilimpa sababu ya fedha ya kutosimama, na ile ya mara mbili ilikuwa mbaya zaidi. Aliwaandikia waahidi wote ujumbe mpya: familia itatembea jumla ya kilomita 132, changieni kilomita za familia. Wengi walikubali mara moja. Rafiki wa mara mbili alisema atalipa ahadi yake ya kawaida, na alilipa.

Siku ya matembezi

Walianza saa 11 na nusu alfajiri. Baba alikuwa amekula, sukari yake imepimwa, na dawa amemeza kwa kiasi kipya. Kilomita kumi za mwanzo zilikuwa nyepesi. Kaka alitembea nyuma ya wote, nafasi aliyopewa makusudi ili asivute mwendo.

Kilomita ya 16 Mama na Mdogo waliwasubiri na gari la kukodi. Walikubaliana mapema kwamba hapo Baba atavua viatu, ajisikie vizuri asijisikie. Mdogo alimulika tochi mchana kweupe, kwa mazoea. Chini ya kidole gumba cha kushoto palikuwa na lengelenge la ukubwa wa punje ya hindi, pembeni pekundu, na Baba hakulihisi kabisa. Aliliangalia kupitia kamera ya simu ya Mdogo, akauliza: "Hilo ni langu?" Zilibaki kilomita nne tu kufika ukomo wake. Karatasi ya masharti, iliyokuwa kwenye dashibodi ya gari, ilisema jeraha lolote mguu wa kushoto ni mwisho. Alipanda gari bila neno, akafungwa kitambaa safi, lengelenge likaachwa bila kutumbuliwa.

Mama akaingia barabarani. Kituo cha maji cha kilomita ya 20 kilikuwa kimeishiwa; familia ilikuwa na maji yake, ikawagawia wazazi wengine wawili. Kilomita ya 24 Dada alisimama kwa ukomo wake huku analia kwa hasira, mguu haumuumi hata kidogo, akampa Mdogo kofia yake.

Kipande cha mwisho kilikuwa kigumu kwa Shangazi. Mwishoni mwa Septemba jua la Mwanza hupita karibu kabisa na utosi, na saa saba kasoro hakuna kivuli cha kujificha. Alipunguza mwendo sana. Mdogo, aliyekuwa na miguu mipya, alikuwa amefundishwa kutembea hatua moja nyuma ya Shangazi na asimpite, na hakumpita. Walifika saa 8 kasoro mchana, wanne: Shangazi, Kaka, Mama na Mdogo. Baba na Dada waliwapokea na mtoto wa Shangazi akiwa mgongoni kwa Dada.

Matokeo

Familia ilitembea kilomita 128 kati ya 132. Sehemu kubwa ya ahadi ililipwa kwa pesa ya simu ndani ya wiki mbili, wengi wakilipa kwa 132. Ahadi chache hazikulipwa, na familia iliamua kutodai. Lengelenge la Baba lilipona bila kuwa kidonda. Shangazi alipoteza kucha moja. Goti la Mama lilivimba siku mbili likatulia. Kiwango cha sukari cha Baba cha miezi mitatu kilishuka kuliko miaka yote aliyokuwa na kumbukumbu zake, daktari akaendelea na dozi ndogo.

Uchambuzi

Kilichoibeba familia hii ni ukomo ulioandikwa mapema. Mtu aliyekwisha kutembea kilomita 16, akipigiwa makofi, hawezi kujihukumu vizuri. Hukumu inatakiwa itolewe wiki nyingi kabla, mezani, akiwa amekula. Ukomo wa kilomita peke yake haungetosha. Baba aliokolewa na sharti la pili, la hali ya mguu, pamoja na kituo cha ukaguzi ambacho hakikutegemea hisia zake. Kwa mwenye ganzi ya nyayo, kumuuliza "unajisikiaje" hakuna msaada wowote. Vua kiatu uangalie.

Kumgeuza kila mtu kuwa sehemu ya jumla moja kulisaidia pia. Katika mpango wa Kaka, Mama na Mdogo wangeonekana wameshindwa kumaliza. Katika mpango wa pili Mama ndiye aliyevusha familia nusu ya mwisho akiwa na nguvu, na kilomita 8 za mtoto wa miaka 11 zikawa na kazi halisi.

Kuhusu fedha nina msimamo mkali. Ahadi ya kila kilomita kwa mtu mmoja mwenye ugonjwa sugu isipokelewe. Wanaoahidi hawana nia mbaya hata kidogo, ila wanamwekea bei mtu kwa kila hatua anayopaswa kuiacha. Kikundi kinachoandaa matembezi kingeweza kulimaliza jambo hili kwa kuchapisha fomu ya ahadi za familia au za kikundi. Shangazi alilifanya kwa ujumbe mmoja wa simu.

Wiki ya sita na ya saba ndizo zilizonishughulisha zaidi. Jedwali lilionyesha Mama hafanyi mazoezi, wakati mwili wake ulikuwa umechoka kuliko wa Kaka. Jedwali lilihesabu kilomita za barabarani tu. Tukiwa washauri wa mazoezi tunauliza umri, uzito, magonjwa na majeraha. Ni nadra kuuliza nani anachemsha viazi, na saa ngapi. Kwenye nyumba nyingi za kwetu jibu la swali hilo ndilo litakaloamua nani atafika na nani ataumia. Kama Mama angelazimishwa kufuata matembezi ya Jumapili bila kazi kugawanywa, goti lisingefika Septemba. Angejitoa, na kwenye kundi la ukoo ingeandikwa kwamba hakuweza.

Yaliyofeli yapo. Raba zilinunuliwa baada ya soli kubanduka badala ya mwanzoni kabisa, kabla ya safari yoyote ndefu. Kutembea gizani bila vizibao kwa wiki tatu kulipita salama kwa bahati tu. Na ukomo wa Dada ulikuwa mkali mno. Maumivu yake yaliisha Agosti, akatembea kilomita 22 katikati ya Septemba bila shida yoyote, na mpango ulipaswa kuwa na siku ya kupitia ukomo upya, tuseme wiki mbili kabla, wa kuongezewa aongezewe na wa kupunguziwa apunguziwe. Kumzuia siku yenyewe ilikuwa sahihi, kwa sababu kanuni inayolegezwa kwa mmoja barabarani isingemzuia Baba. Ila alistahili kuwa na 32 kwenye karatasi.

Mdogo kupewa miguu ya Baba kulizua swali ambalo wenzangu wawili kazini wamenihoji: je, ni mzigo sahihi kwa mtoto? Nadhani ni sahihi kwa masharti. Mama alikuwa anarudia ukaguzi kila usiku, na Mdogo alijua kazi yake ni kusema anachoona. Uamuzi ulikuwa wa watu wazima. Siku ya matembezi karatasi ndiyo iliyomsimamisha Baba, mtoto hakubebeshwa neno "simama".

Maandalizi ya mwaka ujao yameanza. Dada ana 32. Mama ameomba 20, zote za mwisho. Baba ameomba 32, na mimi nimependekeza 12 hadi mguu wa kushoto upimwe tena na apate viatu vilivyochongwa kwa nyayo zake, hatujakubaliana. Jedwali jipya, safari hii limeandikwa na Mama, lina safu ya jiko na ya kufua kabla ya safu ya kilomita.